Maji Yako Inatoka Wapi

Nisikufiche: yule mzee alinichosha. Alinichosha miaka mitatu mfululizo, na siku zilipokuja za mimi kumshukuru, alinichosha hata katika shukrani.

Nauza juisi mjini Baraka, kando ya ziwa, kwenye njia inayoshuka kutoka sokoni hadi bichi, yaani pale mitumbwi inayotoka Kazimia inapotia nanga. Meza moja, mwavuli mmoja, ndoo tatu zenye vifuniko: marakuja, nanasi, tangawizi. Jua la saa sita katika njia ile halina huruma, na mtu aliyetoka kushusha magunia hataki mahubiri. Anataka kitu cha baridi. Sasa wateja watano wamesimama, midomo imekauka, na katikati yao anapenya mzee mwenye shati jeupe na buti za mpira, anasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu:

"Mama Zaituni, nipe tangawizi. Iwe moto. Usiweke barafu."

Moto! Saa sita! Wateja wakaangaliana. Mmoja akamuuliza, "Muzee, juu ya nini hutaki barafu?"

Mtu mwenye adabu angesema koo linamuuma. Yeye akajibu, "Sijue maji yake inatoka wapi." Kisha akanigeukia mimi. "Na hii ya marakuja, maji yako inatoka wapi?"

"Inatoka ku robine ya bomba, Muzee."

"Robine gani? Ile ya sokoni haitoke maji tangu juzi."

Watu wawili wakarudisha vikombe mezani bila kuvimaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya kwanza kujuana.

Alikuwa fundi wa maabara katika kituo kimoja cha afya. Jina la kituo nitaliacha. Njia nzima tulimwita Mzee wa Labo. Shirika fulani la wageni lilikuja, likamfundisha kuotesha vijidudu katika sahani, likamwachia friji ya kutumia jua, sanduku la joto na katoni za vifaa, kisha likafunga virago likaenda kwingine. Wenzake wakasahau yale mafunzo. Yeye akaendelea kuotesha, kana kwamba kuna mtu huko mbali anayesubiri majibu.

Kila wiki alinunua vikombe viwili kwangu. Cha tangawizi alikinywa palepale, anakipuliza kama uji, kwa sababu alijua tangawizi naichemsha. Cha marakuja alikimimina ndani ya kichupa, akakifunga, akaandika juu yake kwa herufi ndogo, akakitia mfukoni taratibu kama padri anayefunga kikombe cha misa. Yote hayo mbele ya wateja wangu.

"Unaipeleka wapi, Muzee?"

"Kuangalia kama iko na mikrobi."

"Na iko?"

"Nitajua kesho kutwa."

Lakini mteja hangojei kesho kutwa. Alikuwa ameshavuka njia kwenda kununua soda.

Nilimwambia akachukue vichupa vyake kwa wauzaji wengine. Akasema kwa wengine pia anachukua. Ilikuwa kweli: wauzaji wote wa njia ile walimlaani, ila wengine walikuwa na ujasiri wa kumfukuza. Mimi mama yangu alinifundisha kwamba mtu wa umri wa baba yako humfukuzi, unamwitikia tu. Kwa hiyo nikaitikia, huku natafuna ulimi.

Hakumpa mtu mkono. Baraka watu wanasalimiana, mkono unashikwa mpaka habari za watoto, za mashamba na za wagonjwa zimalizike. Yeye alikunja vidole na kukunyooshea kiwiko. Imamu wetu wa mtaani alikasirika mwezi mzima kabla hajazoea. Lakini mzee huyohuyo nilimwona mara nyingi akimpangusa kamasi mtoto wa jirani kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha anakikunja na kukirudisha mfukoni. Alinunua samaki aina ya mikebuka wa kuchoma kando ya barabara, akawala kwa vidole, amesimama, vumbi la malori likimfunika. Nikamuuliza, vipi hiyo?

"Kitu moto umepita, mi nakula," akasema. "Kitu maji imepita, mi nauliza."

Msemo huo aliurudia hata kama hakuna aliyemuuliza. Aliusema kwenye harusi, mbele ya masahani ya saladi, akaharibu harusi.

Na Jumapili, baada ya misa, alioga ziwani! Mimi mwenyewe nilimkuta pale kwenye mawe, povu la sabuni mpaka masikioni, anapiga mbizi kama kijana.

"Muzee! Hii maji si njo unakataza batu?"

"Mi naoga, Mama Zaituni. Sinywi."

"Na ikiingia mudomoni?"

Akajipangusa povu midomoni. "Nafunga mudomo."

"Ungeufunga na siku zingine tungepumzika," nikamwambia. Akacheka mpaka akameza maji.

Mkabala na meza yangu kuna farmasi. Mwenye farmasi ni mtu mpole, mnene, asiyependa maneno, na kwa hiyo alikuwa windo zuri. Mpagazi anakuja, ana kikohozi, anaomba kapsuli nne. Mzee anaacha tangawizi yake mezani, anavuka njia.

"Ine? Za siku ngapi?"

"Nikisikia vizuri naacha, Muzee."

"Utaacha? Sikia. Mikrobi unamupiga nusu, halafu unamwacha. Anaenda kwabo, anafundisha benzake ile fimbo iko namna gani. Kesho ukimupiga nayo, anakucheka."

Mpagazi anamtazama mwenye farmasi. Mwenye farmasi anatazama dari. Mwisho mpagazi anachukua kapsuli zake nne, kwa sababu ndizo anazoweza, na mzee anarudi kwangu akinung'unika, tangawizi imepoa, anataka niipashe tena. Na mimi naipasha!

Basi siku moja nikamwona anapita upande ule wa farmasi ameinamisha kichwa, shavu limevimba kama la mtu mwenye embe mdomoni. Akaingia, akatoka. Nikamwita kwa sauti kubwa makusudi.

"Muzee! Umenunua ngapi?"

Akasimama kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Sita," akasema. "Ni jino."

"Jino haliko mu mwili?"

Asubuhi iliyofuata alirudi farmasi, shavu bado limevimba, akanunua zilizobaki ili dozi itimie, kisha akaja kunionyesha, akizihesabu juu ya meza yangu moja moja. Nilicheka wiki nzima. Lakini nikaona kitu: mtu huyu akikosea, hawezi kulala na kosa lake. Lazima alilete mtu alione.

Nami nilikuwa na langu, sikulileta kwa mtu.

Muuzaji mwenzangu wa sokoni alikuwa amenifundisha kwamba wakati wa mvua, maji yakiwa mabaya, unapasua kapsuli ya tetra, ile ya rangi mbili, unamwaga unga wake ndani ya ndoo, unakoroga. Tumbo la mteja linalindwa. Sikuona ubaya. Niliona huruma. Nilijiona mimi ni muuzaji mwema kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa nawapa watu juisi na dawa bure. Nilifanya hivyo misimu miwili ya mvua.

Mzee aliokota ganda la kapsuli chini ya meza yangu. Aliligeuza kati ya vidole, akalitazama, akanitazama. Nikangojea kelele. Nilikuwa tayari, maneno ya kumjibu nilikuwa nimeyapanga tangu mwaka uliotangulia. Hakupiga kelele. Alinong'ona, wateja wasisikie.

"Unaweka mu ndoo?"

"Moja tu, Muzee. Kwa kulinda batu."

Akaliweka ganda katika mfuko wa shati. "Moja mu ndoo nzima," akasema. "Njo nusu ya nusu ya nusu. Unabafundisha mikrobi vizuri sana, Mama Zaituni."

Akaenda bila kunywa. Nilihisi aibu, na aibu ile ikageuka hasira, kama kawaida ya aibu. Niliacha kapsuli tangu siku hiyo, lakini sikumwambia kwamba nimeacha. Nilitaka ateseke kidogo na yeye.

Ramadhani ya mwaka uliofuata ilikuja na joto. Juisi ya futari inauzwa kuliko siku yoyote. Saa kumi jioni watu wanapanga foleni na madumu, na barafu inakuwa kitu cha kugombania. Barafu nilikuwa naichukua kwa mtu mmoja mwenye mashine karibu na bichi. Anatengeneza kwa ajili ya wauza samaki, na inayobaki anatuuzia sisi. Nyumbani nilibeba jagi kubwa la marakuja. Mume wangu ni fundi wa mota za mitumbwi, mtu wa kifua kikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuwa akifungua mfungo kwa tende moja na nusu ya jagi. Nusu nyingine alimpa mama yake, aliyekaa nasi. Mama mkwe wangu alipenda marakuja kuliko chakula. Alikuwa akiniambia, "Binti yangu, mikono yako iko na Mungu."

Wote wawili walianza homa siku moja. Tumbo, homa, kichwa. Mume wangu akavuka njia kwa yule mtu mpole wa farmasi, akanunua dawa ya sipro, akameza siku mbili, mama yake akagawiwa. Siku ya tatu mama hakuweza kuinuka. Tuliwapeleka wote wawili kituoni, na aliyekuja kuchukua damu na choo alikuwa nani? Buti za mpira, shati jeupe. Alifanya kazi yake. Alipomaliza akanitazama.

"Nilikuambia," akasema.

Naapa, kama ningekuwa na kitu mkononi ningempiga nacho. Mume wangu anatetemeka kitandani, mama amefumba macho, na mtu anasimama anasema nilikuambia! Hadi leo nikikumbuka, meno yananiuma.

Wauguzi walitoa dawa walizokuwa nazo. Homa haikushuka. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na ugonjwa ule haukumpa muda. Alifariki asubuhi, siku ya nne, kabla sahani hazijasema kitu. Mume wangu hakumzika mama yake. Hakuweza kukaa, sembuse kusimama. Aliniuliza kama mamaye amelala vizuri, nikasema ndiyo, amelala vizuri.

Mzee alikuja mazishini. Alishika jembe, akatupa udongo pamoja na wanaume wetu, Mkristo peke yake katika safu ile, na nikasema moyoni basi, huenda ana moyo. Siku ya pili ya matanga akaja tena. Wanawake tumekaa chini, nimejifunika, akachutama mlangoni.

"Pole sana, Mama Zaituni," akasema. "Ile siku ya futari, barafu ulitoa wapi?"

Shangazi wa mume wangu akashika kichwa.

"Muzee," nikasema, "utoke kwangu."

"Nitatoka. Lakini barafu..."

"Utoke!"

Alitoka mpaka kwenye mkeka wa wanaume, akaketi hapo. Hakuondoka. Aliketi mpaka jioni, hakula kitu, hakumuuliza mtu mwingine, na kila nilipochungulia nilimwona ameegemeza mgongo ukutani, ananingojea niwe tayari. Niambie, utamfanya nini mtu kama huyo? Jua lilipokaribia kuzama nilimtuma Zaituni, binti yangu, akamwambie: barafu ni ya yule mtu wa bichi. Mzee akainuka, akapangusa suruali, akaenda zake.

Kesho yake aliniita labo. Chumba kidogo, sinki moja, dirisha moja. Juu ya meza kulikuwa na sahani tatu za vifuniko, ndogo kama kiganja. Vijidudu vilikuwa vimeota juu yake kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, na juu ya ukungu huo alikuwa amepanga vipande vidogo vya karatasi, vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

"Dawa ikiwa na nguvu, mikrobi inaikimbia," akaeleza. "Utaona duara tupu kuzunguka karatasi. Angalia."

Nikaangalia. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kingo za karatasi, ukazigusa, ukazikumbatia. Tetra, hakuna. Ampi, hakuna. Sipro, hakuna. Karatasi moja tu upande wa pembeni ilikuwa na uwanja safi kuizunguka, kama ua uliofagiliwa.

"Hii ni ya mukwe wako. Hii ni ya bwana yako." Akaisogeza ya tatu. "Na hii ni ya ndoo yako, kile kichupa nilichukua wiki ya futari."

Zilikuwa sawa. Hata mtu ambaye hajasoma angeona kwamba zilikuwa sawa.

"Zinafanana," akasema. "Kufanana siyo kusema ni kitu kimoja, siwezi kuapa. Lakini zinafanana."

Hakulainisha neno hata moja. Nilikaa sakafuni. Nilifikiria kapsuli za rangi mbili, misimu miwili. Nilifikiria mikono yangu iliyo na Mungu. Nililia, na yeye, ambaye hagusi mkono wa mtu, alichutama akanishika bega, akabaki hivyo bila kujua la kufanya na mkono wake mwingine.

"Bwana yako iko mzima bado," akasema mwishoni. "Hii moja inafanya kazi. Tuitafute."

Ilikuwa sindano ambayo jina lake sikuweza kulitamka. Kituoni ilikuwa imeisha, Baraka nzima haikuwepo. Mjini Uvira ipo. Nikasema nitamtuma shemeji yangu. Mzee akakataa: shemeji atauziwa unga wa muhogo ndani ya chupa nzuri. Akapanda pikipiki mwenyewe, mtu wa umri ule, mvua ya masika, barabara ile. Motari aliyembeba alinisimulia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akimkemea kwa kunywa maji ya sashe, yale ya vifuko vya plastiki, kwamba pale Mboko walisukuma pikipiki kwenye matope saa nzima, na kwamba Makobola, pale walipouawa watu wengi wakati wa vita, mzee alimwomba apunguze mwendo, akavua kofia, kama wengi wetu tunavyofanya tukipita pale, akanyamaza mpaka vijiji vikaisha. Ndiyo mara pekee aliyonyamaza, alisema motari.

Alirudi kesho yake mchana, matope mpaka kwenye kope, dawa ndani ya shati. Aliziangalia chupa moja moja kwenye mwanga, akamkabidhi muuguzi, kisha akamfundisha muuguzi kunawa mikono, muuguzi wa miaka kumi na miwili ya kazi, mpaka yule mama akatishia kuacha kila kitu.

Homa ilishuka siku ya tatu. Mume wangu aliomba uji. Alipopata nguvu ya kukaa, nilimwambia kweli kuhusu mama yake. Kicheko chake kikubwa hakijarudi chote hadi leo, lakini yupo, anafungua mota, ananung'unika chumvi ikipungua.

Nilikwenda kumshukuru mzee na kuku wawili. Akawapokea, akawaangalia, akauliza wanakunywa maji ya wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichosha kuliko yote, na ndilo linalonifanya nimwandike.

Baada ya arobaini tulikwenda pamoja kwa mtu wa barafu. Alituapia kwamba maji yake ni ya kisima cha pampu. Mzee akaketi juu ya jiwe akangoja, na unajua anavyongoja. Mchana tukawaona wafanyakazi wakishuka na madumu, si kwenye pampu, kwa sababu pampu iko mbali na ina foleni. Walichota pale kijito kinapoingia ziwani. Mzee akachota na yeye, kichupa kimoja. Kisha akaanza kupandisha kijito kwa miguu, na mimi nyuma yake, ndala zinakwama kwenye tope, mpaka kijito kikatufikisha nyuma ya ukuta. Kuna bomba lilikuwa linatoka chini ya ukuta ule. Linatiririsha maji ya rangi ya chai kutoka kwenye shimo lililofurika kwa mvua.

Alisimama akalitazama bomba muda mrefu.

"Ukuta wa nani hii?" nikamuuliza.

"Wetu," akasema.

Kilikuwa kituo chao cha afya. Shimo lile lilipokea maji ya wodi, ya vyoo, na ya lile sinki moja la labo.

Nikamwambia palepale: Muzee, nyamaza. Mwambie mwenye barafu achote pampuni, mwambie mkubwa wako polepole azibe bomba, yaishe. Nani amekuuliza? Nani anajua? Nilimwambia kwa sababu nilimjua, na nilikuwa tayari nimechoka kwa yale atakayoyafanya.

Aliyafanya. Aliotesha maji ya kijito na ya barafu, akaona yanafanana na zile sahani tatu. Akaandika barua, kurasa tatu za Kifaransa, akapeleka kwa mkubwa wa kituo na nakala kwa ofisi ya mji. Alinisomea kwanza, mezani pangu, wateja wamesimama. Alikuwa ameandika kwamba yeye mwenyewe, fundi wa labo, alimwaga maji ya kuoshea vyombo vyake katika sinki lile kwa miaka yote bila kuuliza sinki linaenda wapi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa. Alitia jina lake lote na saini.

"Si ulisema unachemsha sahani zako?" nikafoka. "Hujue hata kama ni mikrobi yako!"

"Nachemusha. Lakini siku mafuta ya jiko iliisha, sikuchemusha zote. Sijue kama ni yangu. Inaweza kuwa."

"Basi juu ya nini unajiandika?"

"Mama Zaituni," akasema, "myaka tatu nilikuuliza maji yako inatoka wapi. Sikujiuliza hata siku moja yangu inaenda wapi."

Hakuna aliyeijibu ile barua. Ila mwezi haukuisha, wakamwambia umri wake umefika, apumzike. Mkubwa alimshukuru mbele ya watu na kumpa saa ya ukutani. Wiki hiyohiyo, bila kelele, mafundi walikuja wakachimba shimo jipya na kuziba bomba. Nilimwona mzee amesimama ng'ambo ya kijito na saa yake kwapani, anawaelekeza mafundi namna ya kuchanganya simenti. Walimfukuza mara mbili.

Akahamia Fizi kwa dada yake, juu milimani. Mimi nikabaki na meza yangu. Sasa nachemsha maji yote, napoza usiku, siweki barafu hata ukiniomba kwa Mungu. Wateja wengi walinikimbia; juisi yangu si baridi, na hilo siwezi kulificha kwa maneno. Wengine wamerudi. Tetra hainusi ndoo yangu. Mtu wa barafu anachota pampuni siku akiona ninapita, na siku sipiti, sijui. Mwenye farmasi bado anauza nne. Nilijaribu kuvuka njia mara moja kumsemesha mteja wake, nikasikia sauti yangu, nikarudi haraka.

Mwaka huu nilipanda Fizi kutafuta marakuja, kwa sababu yale ya kwetu chini yalikuwa machache na ya bei. Sokoni, karibu na wauza maharage, palikuwa na binti mwenye meza na ndoo mbili za juisi. Mbele yake alisimama mzee na fimbo. Macho yake sasa yamefunikwa na utando. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, hakuniona. Amekonda. Shati bado ni jeupe, ila vifungo vimepishana kimoja. Hakuna tena labo, hakuna kichupa. Alikuwa ameinama juu ya ndoo anainusa, na binti ameshika upawa kama silaha.

"Nimekuambia ni ya kisima, Muzee," binti akasema.

"Kisima kipi? Cha misheni, ama cha chini?"

"Cha misheni!"

"Cha misheni kinafungwa saa ine. We umechota saa ngapi?"

Mteja mmoja alikuwa amenyoosha mkono kupokea kikombe. Akaurudisha.

Nilisimama pale na kikapu changu kichwani. Nilitaka kumwita, kumwambia ni mimi, bwana yangu anakusalimu. Sikuwahi. Binti akaniona ninavyowatazama, akadhani nimekuja kununua, akanitolea uchungu wake wote.

"Mama, unamujua huyu muzee? Kila siku, mama, kila siku! Iko nanikimbizia batu. Hata kwa dada yake nilienda kushitaki. Kama unamujua, niambie, nifanye nini aende?"

Mzee aligeuza sikio upande wangu, akingoja.

"Haendake," nikamwambia. "Umupe kiti."